Mawe ya Kijani na Picha Ziendazo: Habari za Mafundisho ya Kemia Katanga

Mtu afikaye Lubumbashi, awe ametoka Kasumbalesa au Likasi, hawezi kukosa kuuona mlima mweusi uliosimama karibu na bomba refu la moshi la kiwanda cha zamani. Watoto wa mji huu wameuona tangu siku walizobebwa mgongoni na mama zao, hata sasa hawautazami tena. Mlima huo haukuumbwa pamoja na milima mingine. Umejengwa na watu, behewa kwa behewa, kwa masalio ya matanuru yaliyoyeyusha shaba tangu mwaka 1911.

Siku moja tulipita njia ile pamoja na wanafunzi wa sekondari na mwalimu wao wa kemia, au shimi, kama wasemavyo wenyewe kwa kufuata Kifaransa. Kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, ndani ya kilima kile mna nini?" Mwalimu, mtu mwema mwenye bidii, akamtajia madini manne kwa herufi zake: Cu, Co, Zn, Ge. Kijana akaziandika katika daftari, akalifunga. Basi, ikawa mwisho. Hakuambiwa kwamba mawe yale yalikuwa kama uji wa moto yalipotoka tanuruni, wala kwa sababu gani shaba iliachana na jiwe, wala kwa nini nyingine ilikataa kuachana nalo ikabaki humo mpaka leo. Naye hakuuliza tena.

Nasi tulirudi nyumbani tukijiuliza. Imekuwaje katika nchi hii, ambayo watu wake waliijua kazi ya moto na mawe kabla ya shule yo yote kujengwa, kemia imekuwa kitu cha kukaririwa kama majina ya vituo vya reli? Jambo hili lina historia yake, na sehemu ya historia hiyo imeandikwa na mikono ya wamisionari. Yafaa wasomaji wetu waijue, hasa wale wenye watoto shuleni.

Shule ya kando ya tanuru

Pembeni mwa Lubumbashi pana mahali paitwapo Naviundu. Wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta huko alama za kazi ya shaba, nao walipopima umri wake waliona kuwa ni za karne ya 4 baada ya kuzaliwa Kristu. Mbali kaskazini, kando ya ziwa Kisale, wamefukua makaburi ya Sanga. Kazi hiyo ilianza mwaka 1957, na Pierre de Maret akaiendeleza katika miaka ya 1970. Katika makaburi mengine ya huko wafu walizikwa pamoja na misalaba midogo ya shaba. Msomaji asidhani kwamba walikuwa Wakristu. Misalaba hiyo ilikuwa mali, kitu cha kubadilishana, na umbo lake halikutoka kwetu. Ndiyo ile misalaba mitatu iliyotiwa katika bendera ya Katanga mwaka 1960, na mtu apendaye aweza kwenda kuitazama misalaba ya kweli katika Makumbusho ya Lubumbashi.

Aliyetuachia maandiko mengi juu ya kazi hiyo ni Mgr Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini wa Ubelgiji, aliyefika Katanga mwaka 1910 akafa mwaka 1958 akiwa bado askofu wa nchi hii. Alikuwa mtu wa zamani zake, mkali, rafiki mkubwa wa serikali ya ukoloni, na mengi aliyoyasema juu ya watu wa nchi hatuwezi kuyakubali leo. Lakini katika miaka ya 1920 alifanya jambo moja jema. Wazee walioijua kazi ya shaba walikuwa wangaliko, ingawa matanuru yao yalikuwa yamezimika. Akawataka waifanye tena mbele ya macho yake. Mwaka 1926 aliyachapisha yote aliyoyaona katika gazeti Congo la Brussels, akayapa jina Les mangeurs de cuivre du Katanga, yaani Walaji wa shaba wa Katanga.

Kazi yenyewe ilikuwa ya wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Wanaume walichimba, wanawake na watoto waliokota na kuyaosha mawe ya kijani mtoni. Miti migumu ilichomwa iwe makaa. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, maana udongo wa mchwa hauogopi moto, na mivukuto ilifanyizwa kwa ngozi za wanyama. Fundi mkuu alikuwa na miiko yake na dawa zake, na pengine hayo ndiyo yaliyowafanya watu wa shule wamdharau baadaye. Lakini mtazame fundi huyo kwa macho ya kemia. Shaba huyeyuka kwenye joto la digrii 1085. Yeye hakuwa na kipimajoto. Alijua kwa rangi ya moto, na kwa mkono uliozoea, ni wakati gani wa kuongeza makaa na ni wakati gani wa kungoja.

Na ndani ya tanuru ile yalitendeka mambo mawili ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huyaandika leo ubaoni. Jiwe la kijani, ambalo wataalamu huliita malakiti, ni shaba iliyofungamana na kaboni, oksijeni na haidrojeni. Likipata moto, kwanza hutoa maji na hewa ya kaboni, likageuka kuwa unga mweusi, yaani oksidi ya shaba. Ndipo makaa yanapofanya kazi yao ya pili. Tumezoea kudhani kwamba makaa ni ya kutoa joto tu, lakini yakichomwa mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa nyingine yenye sumu, ile inayowaua watu walalao na jiko ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa hiyo ina njaa ya oksijeni. Huinyang'anya oksidi oksijeni yake, na shaba huachwa peke yake, nyekundu. Katika kila kilo 100 za malakiti safi mna kilo 57 na nusu za shaba. Wazee hawakuzijua hesabu hizi, lakini walijua jiwe lipi lastahili kubebwa na lipi liachwe.

Kijana aliyewekwa kwenye mivukuto hakufundishwa kwa maneno. Alipopuliza polepole mno aliona moto umefifia. Alipopuliza kwa nguvu mno makaa yaliisha kabla ya wakati. Tanuru ilimjibu. Twaomba msomaji alishike neno hili, maana tutalirudia.

Kiwanda chafunga mlango

Mwaka 1891 mfalme Msiri aliuawa Bunkeya, na mwaka uliofuata mtaalamu wa miamba Jules Cornet alipita Katanga akiandika mahali palipo na shaba. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville mwaka 1910, na tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa katika kiwanda cha Lubumbashi. Ni tarehe ile ile ambayo, miaka 49 baadaye, nchi ilipata uhuru wake. Kalenda nayo ina mizaha yake. Makaa ya koki ya matanuru mapya yalitoka mbali, Wankie ya Rhodesia. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru, huko Likasi, kilianza kuitoa shaba kwa njia nyingine kabisa: mawe husagwa, hutiwa katika asidi ya salfuri, shaba ikayeyuka ndani yake ikawa maji ya buluu, kisha umeme hupitishwa, na shaba huja kujipanga juu ya mabamba. Ili kupata umeme huo maporomoko ya mto Lufira yalifungwa huko Mwadingusha, mwaka 1930. Umeme wa Katanga, basi, ulizaliwa kwa ajili ya shaba, na taa za nyumba za watu zilikuja nyuma.

Mafundi wa kichuguu hawakuweza kushindana na hayo. Wana wao waliajiriwa kubeba, kupakua, kukoroga. Waliuona moto kila siku, mkubwa kuliko ule wa babu zao, lakini sababu yake ilikaa ofisini. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, jeraha lilipoanzia. Kazi iliachana na maarifa yake.

Na shule je? Wasalesiani sita, wakiongozwa na Padre Joseph Sak, walifika Elisabethville mwishoni mwa mwaka 1911, na mwaka uliofuata walifungua shule ya wavulana wa Kizungu, ambayo baadaye ikawa Chuo cha Mtakatifu Fransisko wa Sales, kijulikanacho leo kwa jina la Imara. Watoto Waafrika walifungulewa shule ya ufundi: useremala, ushonaji, kazi ya chuma. Hatuwalaumu kwa kufundisha ufundi, maana mikono iliyojua kazi ililisha nyumba nyingi. Lakini ni kweli kwamba masomo ya sekondari ya namna ile waliyopewa Wazungu hayakuwekwa kwa Wakongo mpaka baada ya matengenezo ya mwaka 1948, na chuo kikuu cha Elisabethville kilifunguliwa mwaka 1956 tu. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakuzidi thelathini katika nchi nzima. Ni nchi ile ile iliyotoa Shinkolobwe urani ya bomu la Hiroshima.

Katika miaka hiyo ilikuja picha iendayo, yaani sinema, na watu wengi walitumaini kwamba itafundisha upesi kuliko kitabu. Msomaji atastaajabu kusikia kwamba tumaini hilo, kwa Afrika yetu ya Mashariki, lilizaliwa katika nchi ya shaba. Bwana J. Merle Davis, aliyetumwa na Baraza la Kimataifa la Misioni za Kiprotestanti, alikuja kuchunguza jinsi machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini yalivyokuwa yakigeuza maisha ya vijiji, na kitabu cha uchunguzi huo kilitoka mwaka 1933. Aliona kwamba watu wasiojua kusoma wangeweza kuelezwa mambo kwa picha. Hivyo kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Bwana Notcutt na Bwana Latham walitengeneza sinema 35. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Ilitoka katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, nazo zilizungushwa kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zilihusu safura, mmomonyoko wa udongo, ngozi za ng'ombe, kuweka akiba posta.

Katika Kongo mapadre wetu walifuata njia hiyo hiyo kwa namna yao. Padre Van den Heuvel alikuwa na chama chake cha sinema ya Kikatoliki huko Léopoldville, Padre De Vloo akafanya kazi Bukavu, na Padre Albert Van Haelst wa Kasai akawafanya watu kucheka kwa visa vya Matamata na Pilipili, ambavyo wazee wengine huvikumbuka mpaka leo. Tukiwauliza walijifunza nini, hucheka kwanza, kisha hujibu. Hatuoni aibu kusema kwamba Matamata alikuwa mwalimu hodari kuliko wengi waliovaa kola nyeupe.

Hata hivyo sinema hizo zote zilikuwa na upungufu mmoja. Zilisema, na mtazamaji alinyamaza. Kama hakufahamu, picha haikumngoja. Kama alikuwa na shaka, hakuwa na mahali pa kuitia. Mivukuto ya babu yake ilikuwa imemjibu, lakini turubai jeupe halikumjibu.

Kompyuta darasani

Yaliyofuata uhuru wasomaji wanayajua, wala hatutayarefusha. Mwaka 1967 uliletwa Mtihani wa Taifa, ambao mwanafunzi huchagua jibu moja kati ya majibu kadhaa yaliyokwisha kuandikwa. Mtihani wa namna hiyo husahihishwa upesi, lakini haumwulizi mtu kama amewahi kushika bilauri. Mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ilizichukua shule za dini, na mwaka 1977 ikarudisha uongozi wake kwa mapatano. Kisha shaba yenyewe ikaanguka. Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 470,000 mwaka 1986. Katikati ya miaka ya 1990 haikufika tani 50,000. Shule nyingi ziliegemea kampuni hiyo kama mharagwe uegemeavyo mti. Maabara zilibaki na makabati, na makabati yakabaki na vumbi. Mwalimu aliyefundishwa kwa majaribio alianza kufundisha kwa chaki. Wanafunzi wake, walipokuwa walimu, hawakuwa na kitu kingine cha kukumbuka isipokuwa chaki.

Mnamo Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga shule zote, Radio Okapi ilirusha masomo kwa jina la Okapi École, na nyumba nyingi zilinufaika. Lakini kemia kwa redio ni kama kumweleza mtu harufu ya mvua. Wazazi wengi wakaanza kuuliza juu ya yale masomo ya kompyuta ambayo ndani yake mna picha, sauti na maandishi pamoja, na mwanafunzi huyagusa na kuyaendesha mwenyewe.

Yanayojulikana zaidi kati ya hayo yalianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Huitwa PhET. Hayauzwi. Yaweza kuwekwa katika kompyuta yakatumika bila intaneti, nayo yamo kwa Kifaransa, na baadhi yake kwa Kiswahili. Tuliyaona kwa mara ya kwanza katika darasa moja la sekondari hapa Lubumbashi, wanafunzi zaidi ya hamsini, kompyuta moja na projekta moja ya kuazima. Twataka kuwasimulia saa ile.

Picha ukutani ilikuwa rahisi: beseni la maji, bomba la kujazia, bomba la kumwagia, kipimo, na kichupa cha unga kinachotikiswa. Mwanafunzi huchagua unga autakao. Na hapo ndipo tuliposogeza kiti mbele, maana katika orodha ya unga huo, uliowekwa na watu wa Colorado wasiotujua, tulikuta salfeti ya shaba, pamoja na chumvi za kobalti na nikeli. Ni kama mtu aliyekwenda ugenini akakuta picha ya kijiji chake ukutani.

Msichana mmoja aliitwa mbele. Akachagua shaba, akatikisa. Maji yakawa buluu kidogo. Akatikisa tena, buluu ikazidi, na kipimo kikapanda. Darasa likaanza kuhesabu kwa sauti. Akafungua bomba la maji, rangi ikapauka, kipimo kikashuka, nao wakapiga kelele kana kwamba timu yao imefungwa bao. Akatikisa tena na tena, mpaka unga ukaanza kulala chini ya beseni, na kipimo kikakataa kupanda. Akamgeukia mwalimu: "Mwalimu, mbona hayakubali tena?"

Mwalimu alituambia baadaye kwamba lilikuwa swali la kwanza kuulizwa na msichana yule tangu mwaka wa masomo uanze. Habari za kujaa kwa mchanganyiko alikuwa amezifundisha wiki mbili kabla, kwa sentensi tatu zilizoandikwa ubaoni, na darasa lote lilizijua kwa moyo. Hakuna aliyezitambua zilipotokea mbele ya macho yao.

Kisha umeme ukakatika. Twasema bila kumlaumu mtu; ndivyo ilivyo. Lakini wanafunzi wanne walikuwa na mchezo ule ule katika simu zao, nao wenzao wakawazunguka kumi kumi, vichwa vikigongana, somo likaendelea. Mzee mmoja wa baraza la wazazi, aliyekuwa ameketi nasi nyuma, akauliza simu hizo hupata nguvu wapi pasipo umeme. Vijana wakajibu: betri. Na ndani ya betri? Wakanyamaza. Basi mwalimu akawaeleza kwamba namna ile ya betri ilitokana na kazi iliyofanywa Oxford mwaka 1980, ambapo John Goodenough na wenzake walitumia oksidi ya lithiamu na kobalti. Na kwamba katika kobalti yote ichimbwayo duniani, kama sehemu saba katika kumi hutoka Kongo, yaani katika ardhi ya Lualaba na Haut-Katanga. Kijana mmoja aliigeuza simu yake akaitazama mgongoni, kana kwamba jina la kijiji cha mjomba wake lingekuwa limeandikwa pale.

Mkono na picha

Baada ya siku ile palikuwa na mkutano wa wazazi, na hapo yakatokea mabishano ya kweli. Fedha zilizochangwa zilitosha kununua projekta moja, au sanduku la vyombo vya maabara, wala hazikutosha vyote viwili. Wengine walisema: tununue projekta, maana bilauri huvunjika, asidi huisha, lakini picha haiishi. Mama mmoja muuza makala wa Katuba akasimama. "Baba zangu," akasema, "mtoto aliyejifunza kupika kwa kutazama picha, mimi sitakula chakula chake."

Watu walicheka, lakini mama yule alikuwa ameligusa jambo. Katika beseni la ukutani mwanafunzi aweza kumwaga kila kitu asipate dhara. Hiyo ni faida kubwa mahali pasipo na maabara, nayo ni hatari vile vile, maana hapa kwetu asidi si picha. Malori yaliyoibeba hupita barabara ya Likasi na Kolwezi mchana na usiku. Mwezi wa Februari 2019 moja la malori hayo lilipata ajali katika barabara hiyo. Asidi ya salfuri ilimwagika, na watu zaidi ya kumi wakafa, wengine wakaungua vibaya. Kijana wa Katanga asiyejua asidi ni nini hakukosa alama katika mtihani tu. Amekosa kujua lililo karibu na mlango wa nyumba yao, na lililo katika nguo za baba yake arudipo kutoka kazini.

Tuliombwa kusema, nasi tulisema kama ifuatavyo. Picha iwe ya kwanza kwa mambo ambayo jicho haliwezi kuyaona hata katika maabara ya matajiri: jinsi ioni za shaba zinavyotembea ndani ya maji ya buluu, jinsi oksijeni inavyonyang'anywa. Huko hakuna bilauri itakayosaidia. Lakini mambo ambayo mkono waweza kuyafanya kwa gharama ndogo, mkono uyafanye. Tena fedha zisiende zote kwa vyombo. Sehemu imwezeshe mwalimu kupata siku za kujizoeza, kwa kuwa tumeona projekta zilizofungiwa kabatini kwa hofu, jirani na zile darubini za zamani. Wengine hawakukubaliana nasi, na hasa jambo la kulipia siku za mwalimu liliwaudhi baadhi yao. Mwisho ikanunuliwa projekta ya bei ndogo, iliyokwisha tumika, na zilizosalia zikaenda kwa vitu vya dukani: chupa za kioo, misumari ya chuma, waya, betri za tochi, na mfuko wa salfeti ya shaba wa namna inunuliwayo na wakulima kwa kuzuia kuvu katika mimea.

Tulirudi katika darasa lile wiki chache baadaye. Ukutani, ile picha ya beseni. Juu ya meza, chupa nane za maji ya buluu, kila moja na msumari ndani yake, na onyo limeandikwa kwa chaki kwamba maji hayo ni sumu na kila mtu atanawa mikono. Msumari wa chuma uingiapo katika maji hayo, chuma huanza kuyeyuka polepole, na shaba hutoka majini ikaja kukaa mahali pake. Mwalimu hakuwaambia hayo. Aliwaambia wangoje.

Kwanza misumari iliingia weusi kidogo, na wengine wakadhani wamekosea. Kisha ikawa ya rangi ya udongo, kisha nyekundu. Kijana yule aliyeuliza juu ya mlima mweusi alikuwa kwenye chupa ya tatu. Akautoa msumari wake kwa kibanio, akausugua kwa karatasi. Wekundu ukabaki katika karatasi. Akasema: "Mwalimu, shaba hii ilikuwa ndani ya maji." Akatazama dirishani, upande wa bomba refu. "Na ile ya mlimani, haiwezi kutolewa hivi hivi?"

Mwalimu akamjibu kwamba wengine walikwisha kuuliza kama yeye. Kwamba tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kiwanda kilijengwa pale pale kuyayeyusha masalio upya kwa tanuru ya umeme, ili kutoa kobalti na shaba ambazo matanuru ya kwanza yalishindwa kuzitoa. Kijana akauliza kwa nini yalishindwa. Kengele ililia wakati mwalimu angali akitafuta chaki, na nusu ya darasa ikabaki.